Habari Mbaya Husafirije? Mwongozo wa Kuchunguza Utamaduni Ndani ya Timu ya Ajaili

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uzamili, mtafiti wa chuo au kiongozi wa timu ya programu anayetaka kujua kwa nini taratibu za ajaili (Agile, yaani kutengeneza programu kwa vipande vidogo na marekebisho ya mara kwa mara) zinafuatwa zote na bado mambo hayaendi. Kikao cha asubuhi kinafanyika, ubao umejaa kadi za kazi, lakini kazi iliyokwama inajulikana siku mbili kabla ya kumkabidhi mteja. Mara nyingi watu husema "ni utamaduni wetu" na mjadala unaishia hapo. Sisi tunaanzia hapo.

Utahitaji timu moja ya watu watano hadi tisa inayofanya kazi kwa sprinti, yaani vipindi vifupi vya kazi, za wiki mbili, daftari, saa inayohesabu sekunde, ruhusa ya kuona kumbukumbu za kazi (Jira, Trello, GitHub au chochote wanachotumia), na wiki nane, yaani sprinti nne. Usipunguze. Sprinti ya kwanza watu huwa wamejipamba kwa ajili ya mgeni: wanawahi, wanasema kwa zamu, wanacheka kwa adabu. Andika kila kitu katika sprinti hiyo, ila usijenge hoja juu yake. Ya pili na ya tatu ndizo zenye data yako. Ya nne ni ya kujaribu badiliko dogo, kama itakavyoelezwa mbele.

Hatua ya 1: Punguza swali mpaka lishikike

Swali kama "Utamaduni wa Kitanzania unaathirije ajaili?" halina jibu. Edgar Schein, mtaalamu wa saikolojia ya taasisi, alitenganisha tabaka tatu za utamaduni wa taasisi: vinavyoonekana kwa macho, kama viti, mavazi na ubao, maadili yanayotamkwa, kama "hapa kwetu kila mtu yuko huru kusema", na dhana zilizozama, ambazo hakuna anayezitamka kwa sababu kila mmoja anaziona kuwa ndivyo dunia ilivyo. Dodoso la haraka huishia tabaka la pili. Timu huendeshwa na la tatu.

Ili ulifikie, chagua kitu kimoja kinachopita ndani ya timu na ukifuate. Tunashauri ufuate habari mbaya: makadirio yaliyokuwa madogo, hitilafu iliyogunduliwa, kazi iliyokwama, mteja aliyebadilisha nia. Swali lako liwe hivi: "Tangu mtu wa kwanza ajue tatizo mpaka lionekane kwenye ubao wa timu, hupita muda gani, na habari hiyo hupitia kwa nani?" Swali hili lina tarehe, lina majina, na linagusa heshima, aibu, umri, cheo na ajira kwa pamoja.

Katika hatua hii watafiti wengi huchukua alama ambazo Geert Hofstede, mtafiti wa Uholanzi, alizipa tamaduni za nchi, na kuzifanya maelezo. Alama hizo zilitokana na dodoso zaidi ya 100,000 walizojaza wafanyakazi wa IBM kati ya mwaka 1967 na 1973. Katika majedwali yake, Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia ziliunganishwa kuwa kundi moja la "Afrika Mashariki", likapewa 64 kwenye umbali wa mamlaka, yaani kiasi ambacho watu hukubali mamlaka yasigawanywe sawa. Kwa hiyo anayeandika kwamba timu yake ya watu wanane jijini Nairobi inanyamaza mbele ya meneja kwa sababu ya 64 hiyo ameeleza chumba kimoja kwa wastani wa nchi nne, wa miaka zaidi ya 50 iliyopita. Hofstede mwenyewe alionya kwamba alama za nchi hazimpimi mtu mmoja mmoja. Zitaje katika sura ya mapitio ya maandiko kama ni lazima, kisha ziache huko.

Hatua ya 2: Chora ramani ya kanuni

Huwezi kuona pengo usipojua kanuni inasema nini. Soma Ilani ya Ajaili, iliyoandikwa Februari 2001 huko Snowbird, Utah, na watu 17, wote wanaume, kisha Mwongozo wa Skramu (mfumo mmojawapo wa ajaili) wa 2020 wa Ken Schwaber na Jeff Sutherland. Mwongozo huo haufiki kurasa 15, kwa hiyo hakuna kisingizio. Kwa kila utaratibu andika mambo mawili: unachoagiza, na unachodhani juu ya watu bila kusema.

Kikao cha kila siku kinaagizwa kisizidi dakika 15 na ni cha watengenezaji programu wenyewe. Kinadhani mtu yuko tayari kusema "nimekwama" mbele ya wenzake wote. Mwongozo unasema ndani ya timu ya skramu hakuna ngazi za vyeo. Unadhani basi kwamba watu wanaweza kuacha vyeo vyao mlangoni. Kukadiria kwa kadi, mbinu iliyobuniwa na James Grenning mwaka 2002, kunataka kila mtu achague kadi yenye namba ya ukubwa wa kazi, kisha kadi zifunuliwe kwa pamoja ili namba ya mmoja isiwavute wengine. Kunadhani watu wana namba zao tofauti vichwani na hawaogopi kuzionyesha. Kikao cha tafakuri mwishoni mwa sprinti kinadhani kosa linaweza kujadiliwa bila aliyekosea kufedheheka.

Usichukulie dhana hizi kuwa kipimo cha ustaarabu. Ni desturi za mahali fulani na watu fulani, na timu yako ina haki ya kuwa na nyingine. Unaziandika ili ujue pa kuangalia.

Hatua ya 3: Ruhusa na ridhaa

Tanzania vibali vya utafiti hushughulikiwa na COSTECH, Kenya na NACOSTI. Chuo chako kitakuambia kipi kinakuhusu. Taarifa za watu zinalindwa kwa sheria: Kenya tangu 2019, Tanzania kwa sheria ya 2022. Anza maombi kabla hujaandaa kitu kingine chochote.

Barua ya mkurugenzi inakufungulia mlango wa ofisi tu. Ridhaa ya kila mshiriki iombe peke yake. Ukiiomba kikaoni, bosi akiwa amekaa pale, wote watasema ndiyo, na "ndiyo" hiyo ni ya bosi. Mpe kila mtu fomu ya Kiswahili na ya Kiingereza ndani ya bahasha, mwachie siku mbili, na weka sanduku ambamo bahasha zote zitarudishwa zimefungwa, zilizosainiwa na zisizosainiwa. Hivyo anayekataa halazimiki kukutazama usoni. Atakayekataa usimrekodi wala usiandike maneno yake, hata kama amesema jambo zuri kuliko wote.

Hatua ya 4: Kaa uangalie

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi, na usione taabu.

Hudhuria vikao vitatu vya asubuhi kila wiki, vipatikane 24 kwa wiki nane, pamoja na vikao vyote vya kupanga, vya kuonyesha kazi na, ukiruhusiwa, vya tafakuri. Wiki mbili za kwanza usiweke kinasa sauti mezani. Kaa pembeni, usikae kichwani mwa meza, wala karibu na meneja, maana unapokaa ndipo unapohesabiwa.

Kila ukurasa wa daftari ugawe safu tatu. Ya kwanza ni saa na aliyesema. Ya pili ni maneno yenyewe, kwa lugha aliyoyatumia. Ya tatu ni kilichotokea bila maneno: alimwangalia nani, nani aliinamia simu, kimya kilidumu sekunde ngapi. Juu ya ukurasa chora viti na uandike nani hayupo. Saa uziandike kwa mfumo wa saa 24. Kikao cha "saa tatu" kwa wenyeji ni 09:00, na mwenzao aliyeko Berlin akisikia saa tatu anaweza kuelewa 15:00. Mchanganyiko huo ukiingia kwenye data utakuharibia hesabu zote za ucheleweshaji.

Hesabu mambo haya manne, wala usijaribu kuhesabu kila kitu:

1. Sehemu ya muda wa kila mtu. Timu ya wanane ikigawana sawa, kila mmoja ana asilimia 12.5. Hakuna timu inayogawana sawa. Unachotafuta ni kama mgawanyo unabadilika mtu fulani akiwepo.

2. Vizuizi vilivyotajwa hadharani, dhidi ya vilivyoonekana baadaye kwenye kumbukumbu au kwenye mahojiano.

3. Kadirio la kwanza la kila mtu kabla ya mjadala, na namba iliyokubaliwa mwishoni. Chukua zile kazi tu ambazo kadi zilitofautiana. Tuseme ni 18, na katika 14 namba ya mwisho ilikuwa ileile ya mhandisi mkuu tangu mwanzo. Hapo mjadala umekuwa wa kumfuata mkubwa, hata kama ulidumu dakika kumi na kila mtu alichangia. Angalia pia mikono: mtu anayechelewesha kadi sekunde mbili ili aone ya mkubwa kwanza. Mtandaoni utamjua kwa mpangilio wa kura.

4. Ukaguzi wa msimbo (code review), yaani mtu kusoma msimbo wa mwenzake kabla haujapitishwa. Toa kwenye kumbukumbu idadi ya maoni ambayo wadogo wameandika kwenye kazi za wakubwa, na ya wakubwa kwenye kazi za wadogo, kwa kila mistari 100 iliyobadilishwa. Badiliko la mistari 400 la kiongozi likipitishwa na kijana ndani ya dakika mbili, hakuna aliyelisoma.

Siku ambayo bosi amesafiri ni ya thamani kubwa kwako. Timu ileile, chumba kilekile, kazi zilezile, kimebadilika kitu kimoja. Linganisha urefu wa kikao, vizuizi vilivyotajwa na lugha iliyotumika. Ukipata siku tano au sita za namna hiyo, una ulinganisho ambao dodoso haliwezi kukupa.

Kusikia "hapana" isiyosemwa

Mtafiti anayehesabu mara ngapi neno "hapana" limetajwa kikaoni ataondoka na sifuri na kuandika kwamba watu hawasemi ukweli. Kwa Kiswahili, anayeulizwa "Umemaliza?" hajibu hapana, anajibu "bado". Ndani ya "bado" mna ahadi kwamba itaisha, na mna adabu. Hilo ni jibu kamili na la kweli. Kinachobaki ni kujua "bado" ya nani ina uzito gani.

Tengeneza kamusi ya timu. Kila kauli ya hali ya kazi iandike na tarehe, kisha ifuate kwenye ubao uone kazi ilifungwa lini. "Nimalizie kidogo tu." "Nitaangalia." "Tutajaribu." "Haina shida." "Iko sawa, kuna vitu vidogo." Baada ya kauli 60 au 80 utaanza kuona kwamba "imebaki kidogo" ya mtu mmoja hufungwa kesho yake, na ya mwingine huchukua siku nne. Wenzao wanajua tofauti hiyo. Meneja mgeni na mteja wa nje hawajui, na mara nyingi hapo ndipo ratiba zinapovunjikia.

Kuwa mwangalifu na "inshallah". Wageni huiandika kuwa ni ukwepaji. Muumini huiweka kwenye kila ahadi, ile aliyoishikilia kwa mikono miwili na ile asiyoiweza. Kauli yenyewe haikuambii kitu. Ufuatiliaji ndio utakaokuambia.

Mtego mwingine ni swali la kukanusha. "Hujamaliza?" Jibu: "Ndiyo." Kwa Kiswahili hiyo ni kweli, sijamaliza. Ukiitafsiri harakaharaka kwa ajili ya msimamizi wako wa nje, itasomeka kuwa kazi imekwisha. Ndiyo maana tunasisitiza maneno yahifadhiwe kama yalivyotamkwa, tafsiri ije mwisho kabisa.

Angalia pia lugha inapogeuka. Katika timu nyingi za Nairobi na Dar es Salaam, taarifa rasmi hutolewa kwa Kiingereza na shida halisi husemwa kwa Kiswahili au Sheng, mara nyingi wakati watu wanakusanya kompyuta zao kuondoka. Usifunge daftari kikao kikiisha. Dakika tano za mlangoni hubeba mengi.

Hatua ya 5: Mtafute mshenga

Habari mbaya katika timu nyingi haipiti njia iliyochorwa. Kijana aliyegundua hitilafu hamfuati bosi wala haisemi kikaoni. Anamwambia mtu wa katikati: mwenye umri, mwenye maneno mazuri, anayejua bosi yuko katika hali gani leo. Huyo ndiye anayeipeleka, kwa wakati wake na kwa maneno yake. Ni mshenga, kama wa posa. Cheo chake hakijaandikwa popote.

Usiandike haraka kwamba huu ni ugonjwa. Njia hiyo inafanya kazi: habari inafika, kijana hajaaibika, bosi hajashushwa mbele ya watu. Bei yake ni muda, na muda unapimika. Kwa kila tatizo utakalolijua, andika tarehe nne: mtu wa kwanza alipojua, mshenga alipoambiwa, bosi au mwenye bidhaa (anayeamua kazi ipi itangulie) alipoambiwa, na lilipoonekana ubaoni. Matatizo 15 yanatosha kuanza. Hesabu siku tangu tarehe ya kwanza hadi ya nne kwa kila tatizo, zipange idadi hizo kwa ukubwa uchukue ya katikati, badala ya wastani, kwa sababu tatizo moja lililofichwa wiki tatu litavuta wastani wote.

Kisha uliza swali la pili, ambalo kwetu ndilo kubwa zaidi: mshenga akiwa likizo, inakuwaje? Timu ambayo habari zake zinalala siku tisa wakati mtu mmoja hayupo ina udhaifu ambao hakuna ubao wa kadi utakaouonyesha.

Kuhusu makundi ya WhatsApp: karibu kila timu ina mawili, lenye bosi na lisilo na bosi. Usiombe kuingizwa kwenye la pili. Ukiingia litakufa, watafungua la tatu, na utakuwa umewaumiza. Inatosha kuuliza katika mahojiano ni mambo ya aina gani husemwa kule kwanza.

Hatua ya 6: Mahojiano

Mhoji kila mwanatimu, mwenye bidhaa na meneja, dakika 45 hadi 60 kila mmoja. Usianze na bosi. Ukianza naye wewe ni mtu wa bosi mpaka mwisho wa utafiti. Anza na watu wa katikati, nenda kwa wadogo, malizia kwa wakubwa. Usitumie chumba cha vioo.

Uliza tukio, usiulize maoni. Hii ni mbinu aliyoieleza John Flanagan mwaka 1954 na bado haijapitwa. Ukiuliza "Je, mna uwazi katika timu?" utajibiwa "Ndiyo, sana". Uliza hivi:

"Nisimulie mara ya mwisho kazi ilipochelewa. Nani alijua kwanza? Akamwambia nani?"

"Siku ile kadirio lilipotoka 5, wewe ulikuwa na namba gani kichwani?"

"Kuna jambo ulilitaka kusema kikaoni ukaliacha? Ulilisema wapi baadaye?"

Baada ya swali la tatu nyamaza. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Wengi huokoa kimya kwa kuuliza swali jingine, na jibu linapotea.

Umri na cheo chako vimo ndani ya data. Ukiwa mdogo, mzee wa timu utamwamkia shikamoo na yeye atakufundisha badala ya kukueleza. Ukiwa daktari (PhD) wa chuo, vijana watakujibu kama wako mtihani. Dawa iliyo bora ni wahojaji wawili wa umri tofauti, na ikiwezekana mwanamke na mwanamume, wagawane mahojiano. Andika nani alimhoji nani. Wakati wa uchambuzi utaangalia kama majibu yanafuata mhojaji.

Panga muda wa kunakili. Mahojiano kumi ya dakika 50 ni zaidi ya saa nane za sauti, na saa moja ya mazungumzo yanayochanganya lugha hula saa sita za kuandika. Ni saa 50 za kazi. Programu za kunakili sauti huvurugika mtu anapoanza sentensi kwa Kiswahili na kuimaliza kwa Kiingereza, kwa hiyo hata ukizitumia, sikiliza upya mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 7: Dodoso, kama kweli unalihitaji

Kwa timu moja ya watu wanane usifanye takwimu. Asilimia 75 ya wanane ni watu sita, andika sita. Dodoso lina maana ukiwa na timu nyingi, walau 30, kwa kuwa unachokipima ni timu. Watu 240 katika timu 30 ni data 30.

Kipimo kinachotumika sana ni cha Amy Edmondson cha mwaka 1999, chenye kauli saba za kupima kama watu wanaona ni salama kusema ndani ya timu. Kitafsiriwe na mtu mmoja kwenda Kiswahili, mwingine asiyeona cha awali akirudishe Kiingereza, kisha mlinganishe. Richard Brislin alieleza utaratibu huo mwaka 1970. Shida itatokea kwenye kauli zilizoandikwa kwa ukanushi. Mtu anapotakiwa "kutokubali kabisa" kwamba "hakuna mtu katika timu hii ambaye angevuruga kazi yangu", anapotea, na wengi watajaza "nakubali" kwa adabu tu. Wasomee watu watano kwa sauti, uwaulize wameelewa nini, ubadilishe mpaka wote waeleze kitu kimoja. Kauli zilizogeuzwa, ambazo kuzikubali ni kusema timu si salama, ziache ndani, maana ndizo zitakazokuonyesha nani anakubali kila kitu.

Kabla ya kujumlisha alama za watu kuwa alama ya timu, hakikisha wanatimu wanakubaliana. Kipimo cha makubaliano kiitwacho rwg chenye 0.70 na kuendelea ndicho kinachokubalika kwa kawaida. Timu ambayo bosi ameweka 5 na wengine wote 2 haina wastani wa maana. Tofauti hiyo ndiyo matokeo.

Hatua ya 8: Tenganisha utamaduni na mengineyo

Soma maandishi yote mara mbili, weka alama pembeni ya kila kipande kinachohusu safari ya habari, kisha zikusanye alama zinazofanana kuwa mada. Mtu wa pili aweke alama kwenye moja ya tano ya maandishi bila kuona zako. Mkikubaliana kwenye vipande 85 kati ya 100, na kubahatisha tu kungewapa 60, kapa yenu, yaani kipimo cha makubaliano kinachoondoa ya kubahatisha, ni (0.85 − 0.60) ÷ (1 − 0.60), yaani 0.625. Inaridhisha. Ikiwa chini ya 0.6, tatizo kwa kawaida ni maana ya alama zenu. Kaeni mzifafanue, kisha muanze upya.

Sasa fanya kazi ambayo ripoti nyingi huiruka. Kila mara ulipoandika "heshima" au "utamaduni" kama sababu, andika chini yake sababu nyingine mbili zinazowezekana. Kijana hakusema kwamba ratiba haiwezekani. Huenda ni heshima. Huenda mkataba wake ni wa miezi mitatu na unaisha mwezi ujao. Huenda mteja ameshalipa bei iliyofungwa, na kila mtu anajua kusema hakutabadilisha tarehe. Mambo haya matatu yanatoa kimya kilekile.

Njia ya kuyatenganisha ni ulinganisho. Kama ni heshima, mdogo mwenye ajira ya kudumu naye atanyamaza, na mwenye mkataba mfupi atasema bosi akiwa hayupo. Kama ni mkataba, wa kudumu watasema hata bosi akiwepo. Kama ni bei iliyofungwa, hakuna atakayesema popote, lakini katika mradi wa ndani usio na mteja watu walewale watakuwa wazungumzaji. Ukikuta timu iliyogawanyika kati ya Dodoma na Amsterdam, ongeza na mtandao: mtu anayezima kamera na kusema maneno mawili huenda anaokoa bando.

Utamaduni ubaki na yale tu ambayo sababu nyingine zimeshindwa kuyaeleza. Yatakuwa machache kuliko ulivyotarajia, na yatakuwa imara.

Hatua ya 9: Rudisha matokeo, jaribu badiliko moja

Wape wanatimu matokeo kabla ya bosi, na wawe na haki ya kuondoa nukuu zao. Katika timu ya wanane kuficha jina hakutoshi. "Mjaribu programu pekee wa kike" ni jina. Unganisha nafasi, badilisha jinsia, au acha nukuu kabisa. Mshenga mlinde kuliko wote, kwani akitajwa kazi yake imekwisha.

Katika sprinti ya nne jaribu badiliko moja tu. Tuliyoyaona yana mantiki ni haya: mkubwa aseme wa mwisho, makadirio yaandikwe kwenye vikaratasi na kukusanywa kabla ya kusomwa, kikao cha tafakuri kianze na dakika tano za kuandika kimya. Vikaratasi vya siri visivyo na jina hushindwa kwa jambo dogo: watu wanajuana miandiko. Wape wote kalamu za aina moja na waandike kwa herufi kubwa. Mkubwa anayesema wa mwisho naye huharibu zoezi kwa kuguna na kutikisa kichwa wenzake wanaposema, na hilo mwambie mapema, faraghani.

Pima tena zile tarehe nne. Siku zilizo kati yake zikipungua kwa sprinti moja, usitangaze ushindi. Mgeni bado yupo chumbani. Omba kurudi baada ya miezi mitatu kwa siku mbili, uangalie kumbukumbu tu na kikao kimoja.

Kabla hujaondoka, mwambie kila mshiriki tarehe ambayo sauti zake zitafutwa, iandike kwenye fomu yake, na siku hiyo zifute pamoja na nakala zilizobaki kwenye simu, kwenye barua pepe na kwenye kompyuta ya aliyekusaidia kunakili.